Mkasi wa Picha: Kutoka Ukanda wa Filamu hadi Kompyuta ya Linux, Kandokando ya Mlima Kenya

Msomaji, kila sinema huzaliwa mara mbili. Huzaliwa kwanza nje, mbele ya kamera, penye jua, vumbi na kelele za watu wanaotazama. Huzaliwa tena ndani ya chumba kidogo, ambamo mtu mmoja hukaa mbele ya meza, akazitazama picha zote zilizopigwa, akachagua, akakata, akapanga na kuunga. Kuzaliwa kwa kwanza hushuhudiwa na wengi. Kuzaliwa kwa pili aghalabu hakuna shahidi. Na hata hivyo hapo ndipo huamuliwa nani atasema na nani atanyamazishwa, na maneno yapi yatafuatwa na uso upi.

Insha hii yahusu kuzaliwa huko kwa pili, kwa jinsi kulivyozihusu pande za Nyeri, Naro Moru, Nanyuki na Meru. Kwa miaka mingi picha za nchi hii zilipigwa chini ya Mlima Kenya, kisha zikasafirishwa ng'ambo kukatwa na watu ambao pengine hawakuuona mlima wenyewe. Leo mwanafunzi wa Nyeri mwenye kompyuta kuukuu aweza kuushika mkasi huo kwa mikono yake, wala asilipe hata senti moja. Jinsi safari hiyo ilivyokwenda yafaa kujulikana kabla hujaujaribu mkasi wenyewe.

Sinema za kwanza hazikukatwa hata kidogo. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonesha picha zao mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila picha ilikuwa kipande kimoja kisichofika dakika nzima: wafanyakazi watoka kiwandani, basi. Muda si muda watu waligundua kwamba vipande viwili vikiungwa huzaa maana ambayo haikuwamo katika kipande chochote peke yake. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, Mrusi mmoja aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mchezaji mmoja, uso ambao haukuonesha furaha wala huzuni, akauunga na picha ya bakuli la mchuzi, kisha na picha ya jeneza, kisha na picha ya mwanamke. Watazamaji walimsifu mchezaji kwa kuonesha vyema njaa, majonzi na mapenzi. Uso ulikuwa ule ule mara zote tatu! Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Ukanda wa filamu wa upana wa milimita 35 hupita katika mashine kwa picha 24 kila sekunde, na dakika moja ya sinema ni futi 90 za ukanda. Mhariri alikuwa na mkasi, gundi, na tangu mwaka 1924 mashine iitwayo Moviola, iliyobuniwa Marekani na Iwan Serrurier, ambayo kwayo aliweza kuutazama ukanda kupitia kioo kidogo na kuusimamisha apendapo. Vipande vilining'inizwa kwenye vigingi kama nguo zilizoanikwa. Lakini hakuna mhariri mwenye akili aliyeutia mkasi ukanda wa asili uliotoka katika kamera. Ulichapishwa kwanza mwingine wa kufanyia kazi, na huo ndio uliokatwa, ukachorwa kwa kalamu na kuchakaa kwa kushikwashikwa. Kazi ilipokwisha, ukanda wa asili ulitolewa ghalani, ukakatwa mara moja tu kwa kufuata nambari zilizochapwa ukingoni. Hila hii ya kukata nakala na kuiweka salama asili utaiona tena ndani ya kompyuta, baada ya miaka 100, ikiwa imevaa nguo nyingine.

Katika Afrika ya Mashariki sinema ililetwa na wenye mamlaka kwa makusudi ya kufundisha. Kati ya mwaka 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio kubwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika. Walitengeneza sinema 35 za kilimo, afya na mambo ya nyumbani, wakazunguka nazo kwa gari katika makoloni kadhaa. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda Idara ya Filamu ya Makoloni, yenye makao yake London. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia nadharia kwamba Mwafrika hawezi kuzifuata picha zinazokatwa upesi. Kwa hiyo ilitakiwa kila tendo lioneshwe polepole, tangu mwanzo hadi mwisho, pasipo kuruka na pasipo hila. Fikiri, msomaji: watu waliolelewa katika ngano zinazoruka kutoka kijijini hadi kuzimu kwa sentensi moja, wakaambiwa hawawezi kuelewa mtu akitoka mlangoni na kuonekana mara moja barabarani! Nadharia ile ilikuwa ya mkasi hasa. Ilisema nani anastahili kukatiwa picha kwa namna gani, na aliyesema hayo alikuwa mtu aliyeushika mkasi peke yake.

Basi tuje Nyeri. Mwanzoni mwa Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth na mumewe walifikia Sagana, katika nyumba waliyopewa zawadi ya arusi na koloni la Kenya. Usiku wa tarehe 5 walilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, na usiku huo huo baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki huko Uingereza. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri aliyehamia Nyeri kutoka India, alikuwa pamoja nao, naye aliandika jinsi Binti Mfalme alivyopiga picha za sinema za wanyama waliokuja kunywa maji. Dunia nzima ilizisikia habari za mti ule. Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, ilitangazwa hali ya hatari, na msitu ule ule ukawa maficho ya wapiganaji wa Jeshi la Ardhi na Uhuru. Mwaka 1954 hoteli ikachomwa moto. Mwaka huo pia watu wa Nyeri na wilaya za jirani walianza kuhamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vyenye ulinzi. Waliohamishwa kote walizidi milioni moja. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa mjini humo, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Ni nani aliyezikata picha za miaka hiyo? Si watu wa Nyeri. Mwaka 1955 ilitolewa huko Uingereza sinema iitwayo Simba, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst, kuhusu walowezi na vita vya msituni. Mandhari yake yalipigwa Kenya. Lakini mchezaji wake mkuu, Dirk Bogarde, alizicheza sehemu zake katika studio za Pinewood, karibu na London, na pale ambapo mlowezi aonekana kwa mbali katika nchi yetu, huyo ni mtu mwingine aliyesimama badala yake. Mkasi uliunga shamba la Kenya na uso ulio Uingereza, na mtazamaji akaamini kuwa ni mahali pamoja. Hilo silo kosa. Ndiyo kazi ya sinema. Lililo zito ni kwamba kwa mkasi huo huo Mgikuyu wa mwaka 1955 aliungwa na panga na giza, kama vile Kuleshov alivyouunga uso wake na jeneza, naye hakuwa na meza wala gundi ya kujibia.

Baada ya Uhuru mlima ulipata umaarufu wa namna nyingine. Kitabu cha Joy Adamson juu ya simba jike Elsa, Born Free, kilitoka mwaka 1960, na sinema yake, iliyoongozwa na James Hill, ilipigwa karibu na Naro Moru, barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, ikaanza kuoneshwa mwaka 1966. Elsa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1961. Simba unayemwona katika sinema si mmoja. Ni simba kadhaa, kila mmoja na tabia yake: huyu mpole, huyu apenda kukimbia, huyu hakubali kusogelewa. George Adamson na wachezaji wakuu, Virginia McKenna na Bill Travers, walikaa nao kwa miezi hadi wakazoeana, kisha mhariri akawaunga simba wote wale wakawa Elsa mmoja. Kazi ya kuunga ilikuwa bora kiasi kwamba watoto wa dunia nzima walimlilia simba mmoja. Baadhi ya simba wale walichukuliwa na Adamson hadi Meru kufunzwa maisha ya porini. Mkanda nao ulikwenda Ulaya.

Mkasi ulianza kushikwa nyumbani polepole. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Chuo cha Kenya cha Mawasiliano ya Umma, kilichoanza mwaka 1961 kwa kufundisha mafundi wa redio, baadaye kilifundisha utengenezaji wa filamu, na mmoja wa waliopitia humo, Anne Mungai, alitoa sinema yake Saikati mwaka 1992. Baadaye kamera ndogo za video zikashuka bei, na katika mtaa wa River Road jijini Nairobi likazuka soko la michezo ya kuchekesha kwa Kigikuyu na lugha nyingine, ambalo watu waliliita Riverwood. Diski zake ziliuzwa vituoni na sokoni, Karatina na Nyeri pia. Wasomi wengine walizidharau kwa sauti yake mbovu na picha zake zilizoungwa ovyo. Mimi naona walikosea kipimo: kwa mara ya kwanza watu walicheka kwa lugha ya nyumbani kwa picha zilizokatwa na watu wa nyumbani.

Kikwazo kimoja kilibaki. Mkasi wa siku hizo ulikuwa tayari programu ya kompyuta, na programu nzuri ilikuwa ghali kupita pato la kijana wa Nyeri. Wengi walitumia nakala za wizi, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalikataza waziwazi. Wengine waliacha.

Njia ya halali ilikuwa imeanza kulimwa mbali, na walioilima hawakuwa na habari za River Road. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kwamba angeandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kumpa mwenziwe. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliongeza kiini kilichokosekana, nacho kikaitwa Linux. Maelfu ya watu wakaja kusaidia. Wazee wa Nyeri hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani wanayo ngwatio: leo twalima shamba lako, kesho langu, na jembe halilipwi. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mfumo wa Linux ulio rahisi kwa watu wa kawaida, akauita Ubuntu, neno la Kibantu ambalo Mswahili hulitambua mara moja kuwa ni utu.

Programu za kuhariri picha katika Linux zilichelewa kukomaa. Moja ya mwanzo, Broadcast 2000, iliondolewa na waandishi wake mwaka 2001 kwa kuogopa madai ya kisheria, na Cinelerra ikashika nafasi yake mwaka 2002. Mwaka huo huo ilianzishwa Kdenlive. Baadaye zikaja OpenShot na Shotcut. Kwa miaka mingi zilikuwa na sifa mbaya ya kuanguka katikati ya kazi. Zimeimarika sana sasa, ingawa nakushauri uhifadhi kazi yako kila dakika chache, hasa ukizingatia kwamba stima za mlimani hazisubiri mtu amalize sentensi.

Sasa jaribu. Chukua kompyuta ya zamani iliyo shuleni, kwa idhini ya mwalimu. Ubuntu, au mfumo mwepesi zaidi kama Xubuntu, hupakuliwa bila malipo, ukaandikwa katika flashi, na kompyuta ikawashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa chochote kilichomo ndani yake. Ukiupenda ndipo uusimike. Pakua wakati ambapo intaneti si ghali, kwa maana ni gigabaiti kadhaa, kisha flashi moja itahudumia darasa zima. Hilo halali, mwenye mfumo amekuruhusu kugawa. Ndani yake tafuta Kdenlive katika duka la programu, uisimike.

Utaona pande tatu. Juu kushoto ni ghala la vipande vyako. Juu kulia ni kioo cha kutazamia. Chini ni njia ndefu zilizolala, moja juu ya nyingine, baadhi za picha na baadhi za sauti, na wakati huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Vuta kipande kutoka ghalani ukiweke njiani, sogeza alama mahali unapotaka, kata. Vigingi vya zamani vya kuanikia vipande ndilo ghala hili, na kioo cha Moviola ndicho kile cha kulia.

Jambo la kwanza litakalokusumbua ni picha za simu. Simu haipigi picha kwa mwendo mmoja. Hupunguza na kuongeza idadi ya picha kwa sekunde kadiri ya mwanga na nguvu yake. Matokeo yake ni kwamba katika mazungumzo marefu midomo huachana na maneno. Programu itakapokuuliza kama ungependa kulibadili faili liwe la mwendo ulio sawa, kubali, usubiri. Chai itapoa, lakini midomo na maneno vitakwenda pamoja.

La pili ni uzito. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne itakwamakwama mbele ya picha kubwa za simu ya kisasa. Hapa ndipo ile hila ya kale inaporudi. Iamuru programu itengeneze nakala nyepesi za vipande vyako, zenye picha ndogo na hafifu. Wewe utakata hizo, na mashine itakwenda bila kusita. Siku ya mwisho programu itazifuata alama zako katika faili za asili na kutoa sinema kwa ubora wake wote. Mhariri wa mwaka 1950 angeitambua kazi hii mara moja, kwa maana ndio ule ukanda wa kufanyia kazi na nambari za ukingoni.

La tatu ndilo lililonipendeza kuliko yote, wala si wengi wanaoliona. Kdenlive haikati chochote. Faili ya kazi unayoihifadhi ni maandishi matupu, ambayo mtu aweza kuyafungua na kuyasoma: chukua kipande fulani, kuanzia sekunde hii hadi ile, kiweke hapa, punguza sauti pale. Ni orodha ya maagizo. Picha za asili hubaki kama zilivyotoka katika simu. Mkasi wa Moviola uliacha kidonda. Huu hauachi hata mchubuko.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuchosha na haya yote. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza bungeni majuto yake kwa mateso yaliyotendwa Kenya wakati wa hali ya hatari, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wengi wao walikuwa wazee wakati huo. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 alipotiwa kijijini mwaka 1954 alizaliwa mwaka 1939. Hesabu mwenyewe umri wake leo, kisha hesabu wangapi wa rika hilo wamebaki katika lokesheni yenu. Picha nyingi za miaka ile zilizohifadhiwa zilipigwa na upande mmoja na kukatwa na upande huo huo. Upande wa pili ungali vinywani mwa watu, na vinywa hivyo vinafumba mmoja baada ya mmoja.

Ukienda kwa bibi au kwa mzee wa namna hiyo, omba ruhusa kwanza, tena mbele ya jamaa zake. Weka simu juu ya kitu imara, karibu naye, kwa maana sauti mbovu haiponyeki lakini picha mbovu huvumilika. Mwache aseme mpaka mwisho. Atanyamaza mara kwa mara. Utakapofika kwenye kompyuta utatamani kuvikata vile vimya, hasa kama una dakika chache tu za kuonesha katika tamasha la maigizo na filamu la shule. Fahamu unalolifanya. Mtu aliyeulizwa juu ya nduguye akanyamaza sekunde kumi, kisha akajibu, hakusema sawa na mtu aliyejibu papo hapo. Ukimuunga na wimbo wa majonzi umemtia majonzi yako. Ukiweka baada ya maneno yake picha ya mtu anayecheka, umemfanya wa kuchekwa. Uso wa Kuleshov haukuwa na nafsi ya kulalamika. Huyu anayo, na anakaa kijiji cha pili kutoka kwenu.

Kabla hujakata neno lolote, nakili mazungumzo yote katika diski mbili, moja ikae maktaba ya shule na nyingine kwa jamaa za msemaji. Andika juu yake jina lake kama ameridhia, kijiji, tarehe, na lugha aliyoitumia. Usimtafsirie Kigikuyu chake kwa haraka, maana maneno mengine ya miaka ile hayana ndugu katika Kiswahili cha leo. Kisha kata. Ukimaliza, mrudie na kompyuta yako, umwoneshe yeye kabla ya kumwonesha mtu mwingine yeyote. Akikwambia, "Mjukuu wangu, lile neno langu juu ya mto mbona silisikii?" fungua ghala, utafute kipande chake, maana kingali kizima mahali pale pale kilipokuwa.